Watu Kumi na Bega Moja

Studio, 2 Februari

Dada yangu, shikamoo.

Kaa chini kwanza. Kama kuna mteja anasubiri gauni lake, mwambie gauni halikimbii. Umekaa? Basi jua kwamba mdogo wako, yule uliyekuwa ukimfuta kamasi kwa pindo la sketi yako, tangu jana ni mwongozaji wa filamu. Si mchezaji. Mwongozaji! Nina kiti. Kimeandikwa BEGA mgongoni kwa herufi kubwa, na mtu akikikalia kwa bahati mbaya anaruka kama amekalia siafu.

Wameandika Bega kwa sababu jina langu la kuzaliwa hapa halijulikani, liko kwako na kwenye daftari la shule tu. Miaka ishirini na mbili nimeinua bega hili la kushoto, nikafumba jicho nusu, nikasema, "Mnanijua mimi?" na ukumbi mzima ukajikunyata. Nilianza kama maiti, unakumbuka, nikalazwa chini ya shuka siku nzima, nikapiga chafya mazishi yalipofika patamu. Nikapanda cheo nikawa mwizi wa kuku. Nikawa mvunja benki. Mwisho nikawa yule bosi ambaye majambazi wenyewe wanamwamkia. Sokoni wanawake wananifichia mikoba, halafu wananiomba tupige picha. Shule niliiacha darasa la sita, au tuseme ukweli, shule ndiyo iliyoniacha, lakini leo watu wenye shahada wananiuliza, "Mzee, taa tuiweke wapi?" Nami natazama juu, natazama chini, nakuna kidevu, nasema, "Pale." Na wanaiweka pale, dada!

Filamu ni ile niliyokuomba ruhusa, ya mama. Miaka yake ya udobi kule hotelini, mashuka mia kwa siku, na sisi wawili tukimngoja getini. Nimemwandika mwenyewe, mwanamke wa subira na machozi. Watu watalia mpaka tuwauzie leso mlangoni.

Kuna jambo moja dogo tu. Tajiri anayegharamia filamu atakuja tarehe tano Machi akae na sisi siku nzima atazame kazi. Asipopendezwa, kiti ananyang'anywa Bega, anapewa Msaidizi wangu, bwana mmoja wa miwani aliyesomea filamu na ana vyeti vitatu, vyote na mihuri. Lakini atapendezwa, kwa sababu mimi siwaachii watu wahangaike. Kila mchezaji namwonyesha mwenyewe, kuanzia mama hadi mlinzi wa geti. Nasimama, nacheza sehemu yake yote, nalia, nacheka, naanguka, kisha namwambia, "Umeona? Fanya hivyo hivyo." Nitajie mwongozaji mwingine anayewapa watu raha hiyo bure.

Mdogo wako,
Bega, Mwongozaji
(hilo neno la mwisho usilisahau ukiwasimulia majirani)


Kwenye cherehani, 9 Februari

Mdogo wangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma kwa sauti, mafundi wote wamesikia, na mteja wa gauni amesubiri kweli na hakulalamika. Majirani nimewaambia. Mmoja ameuliza kama sasa benki zitapumua.

Hongera. Nimefurahi hadi nikakata kitambaa cha watu upande usio wake. Haya, nimemaliza kukusifu, sasa fungua masikio.

Mama hakuwa mtu wa machozi. Wewe ulikuwa mdogo, na nusu ya muda ulikuwa umelala mgongoni kwangu, umeona nini? Kutembea, alitembea upesi kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Shuka alilikunja hivi: ncha mbili anazibana chini ya kidevu, mikono inateremka, shuka linajikunja lenyewe. Hakuwa akiinama ovyo, wala hakuwa akishika kiuno na kuugua kama unavyomfanya wewe ukishiba kwenye sherehe za watu.

La pili. Hao watu unawalipa wacheze, au unawalipa wakutazame ukicheza? Tangu utotoni, ukimwona bata unatembea kibata. Ukimsikia mwalimu mkuu anakohoa, unakohoa kama yeye, na fimbo tukala wote wawili, mimi kwa kosa la kucheka. Mwachie mtu kazi yake.

Na huyo mama, anamcheza nani?

Dada yako,
Fundi


Studio, 15 Februari

Dada, shikamoo tena.

Anamcheza Malkia! Usiniambie humjui. Yule mwenye sauti nzito, wa mchezo wa redio wa kila Jumapili, akikohoa tu watu wanapunguza moto jikoni wasikie vizuri. Nimempata mimi, kwa maneno yangu matamu, wengine wote walishindwa.

Kazi inakwenda kama maji mteremkoni. Mambo ya kidevu nimemwonyesha kama ulivyosema. Kusema kweli kidevu changu ni kipana, shuka limekaa vizuri kwangu kuliko kwake. Nimemwonyesha mara kumi na nne. Ya kumi na nne hata wabeba taa walipiga makofi, mmoja alipiga kidogo zaidi ya wengine, nadhani alitaka twende kula.

Sasa hivi Malkia amepumzika kidogo, ana jino. Liko huko nyuma kabisa, linauma vibaya, hata maneno aliyoyasema akiondoka yalikuwa ya mtu mwenye jino. Atarudi tu. Wakati huu tunapiga picha za mlinzi, na wapishi, na mgeni wa hoteli, na wote wananifuata kama kivuli.

Msaidizi naye ni mtu mwema sana. Leo asubuhi nimemkuta amekaa kwenye kiti changu. Alisema anapima kama bado kiko imara, nisije nikaumia.

Bega


Kwenye cherehani, 19 Februari

Mdogo wangu,

Mpe Malkia pole. Mwambie asukutue kwa maji ya chumvi, na mwongozaji wake naye asukutue, huenda yakatoka maneno mengine.

Mimi sina jipya, ila nimepata mwanafunzi. Si msichana, ni mwanamke mtu mzima, ametua mlangoni na sanduku lake, akasema, "Shikamoo mama Fundi, nimekuja kujifunza." Siku ya kwanza amenivunjia sindano tano. Pindo lake linakwenda kama njia ya ng'ombe. Lakini anauliza maswali, mama weee! Dobi anashika wapi shuka likitoka kwenye pasi lingali la moto? Kamba ikiwa juu, anasimama kwa vidole au anaruka? Mtu ambaye mgongo unamuuma, akichekeshwa anacheka vipi? Tunakaa jikoni tunaongea mpaka chakula kinapoa, tunakipasha, kinapoa tena.

Kumbe nilikuwa na maneno mengi ya mama na hakuna aliyewahi kuniuliza. Wewe uliniomba ruhusa tu.

Hilo jino ni la juu au la chini? Nauliza tu.

Fundi


Studio, 23 Februari

Dada,

Hakuna jino.

Ngoja nikueleze, na usiwasomee mafundi. Jana Mhariri aliniita. Huyu ni mama mmoja mkimya, anashinda kwenye chumba chenye giza akikata na kuunganisha picha huku anatafuna karanga. Nikaenda na kifua mbele, nikidhani ananiita kunipongeza. Akaniwekea picha zote tulizopiga, moja baada ya nyingine, bila sauti. Akaniuliza:

"Mzee, unawaona watu wangapi hapo?"

"Kumi," nikasema. "Na wote nimewafundisha mimi."

"Hesabu na mabega."

Nikahesabu, dada. Mlinzi wa geti, bega la kushoto juu, jicho nusu. Mpishi, bega juu, jicho nusu. Mgeni wa hoteli, bibi wa watu ana miaka sabini, bega juu! Mama yetu anakunja shuka kama anaficha bunduki. Hata mbwa wa mlinzi, haki ya Mungu, kuna mahali anageuka na bega la kushoto liko juu.

"Filamu hii ina watu kumi," Mhariri akasema, "na wote ni wewe." Akanipa karanga. Nadhani ilikuwa ni rambirambi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimevunjika bega.

Na Malkia hakwenda kwa daktari. Nilipotaka kumwonyesha mara ya kumi na tano, alivua gauni la mama, maana alilivaa juu ya nguo zake, akanivika mimi begani, akasema, "Mzee, vaa mwenyewe. Uko tayari kuliko mimi." Akachukua sanduku. Sijui yuko wapi. Zimebaki siku kumi Tajiri aje.

Ningeweza kumpa Msaidizi kiti leo, nirudi zangu kwenye ujambazi, kazi ninayoiweza. Lakini ni mama, dada. Sitaki mama atengenezwe na mtu wa vyeti ambaye hakumjua. Na sitaki atengenezwe na mimi hivi ninavyomtengeneza. Naona haya kuandika, lakini naandika: nifanye nini? Nikimwona mtu anakosea, mwili wangu unasimama wenyewe. Sijui kufundisha bila kucheza.

Mdogo wako


Kwenye cherehani, 27 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Futa uso, dawa ya ugonjwa huo ninayo.

Nilipoanza kufundisha watu kushona, mambo yangu yalikuwa kama yako. Msichana akipinda mshono, mkono unaniwasha, namnyang'anya kitambaa, namwonyesha. Mwaka mzima nikafundisha hivyo. Mwisho wa mwaka nikawapa mtihani, kila mmoja ashone blauzi. Walikaa wananitazama, wananingoja nije kuwanyang'anya. Hakuna aliyejua kushona, walijua kunitazama tu.

Tangu siku hiyo, mwanafunzi akikaa kwenye cherehani, mimi nakalia mikono yangu. Nakalia kweli, miwili yote, chini ya mapaja. Na mdomoni nabana pini nne, maana mdomo nao ni mkono wa tatu. Mtu mwenye pini mdomoni hasemi ovyo, akisema anazimeza. Mwanafunzi anakosea, mimi natoa jasho. Anakosea tena, natoa jasho tena. Mara ya tatu anafanya kitu ambacho mimi sikukijua, na ni kizuri kuliko changu. Hapo ndipo unaumia, na hapo ndipo umefundisha.

Basi kalia mikono. Pini usiweke, wewe utazimeza zote. Filamu ya dobi haikosi vibanio vya nguo, bana kimoja mdomoni, ukitoe kwa maneno mawili tu, "Haya" na "Kata."

Na sasa mimi nami niseme langu. Mwanafunzi wangu wa sindano tano ni Malkia. Alinijia akiwa na hasira, anwani ameisoma kwenye barua zangu hapo studio, akitaka kujua kama kweli mama yetu alikuwa na bega. Sikukuambia kwa sababu ungepanda basi uje kumwonyesha jinsi ya kuishi kwangu. Anarudi keshokutwa, barua hii itamtangulia. Ameomba gauni lake.

Kuna jambo la mama nimemwambia yeye, wewe sijakuambia. Usiniulize, wala usimuulize. Utaliona ukikaa kimya.

Dada yako


Studio, 5 Machi

Mama Fundi, shikamoo.

Nimefika salama na vidole vyangu vyote, japo vina matundu. Naandika leo leo, kabla yeye hajakuandikia akaongeza chumvi.

Nilipoingia, nilimkuta kwenye kiti amekalia mikono, kibanio mdomoni, macho yamemtoka kama mtu aliyefungiwa chooni. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Wabeba taa walidhani daktari amemkataza kuongea. Aliniona, akatoa kibanio, akasema, "Malkia, nisamehe," akakirudisha haraka, kama anayeogopa la pili litatoka lenyewe. Siku ya kwanza alivunja vibanio viwili kwa meno. Ya pili kimoja. Tulirudia picha zote. Mlinzi wa geti alisimama kama mlinzi, na mpishi akagundua kwamba yeye ni mtu wa kuchekacheka.

Leo Tajiri alikuja. Alikaa nyuma na suti yake, Msaidizi pembeni yake. Ilikuwa picha ya uwanja wa kuanikia, ambapo kwenye maandishi mama anasimama katikati ya mashuka analia peke yake. Nikamwendea mzee nikamwambia, "Naomba nifanye ninavyomjua mimi." Mama Fundi, uso ule! Kama amemeza chura na chura anampiga teke. Akatikisa kichwa, ndiyo.

Basi nikafanya lile ulilonisimulia jikoni. Nikabana shuka kidevuni, nikatazama nyuma kama kuna mkubwa, hakuna. Nikajifunga shuka, nikawa bibi harusi anayegombana na viatu. Nikajifunga la pili tumboni, nikawa mgeni mnene asiyetaka kutoka chumbani siku yake imekwisha. Halafu nikawa meneja, ananusa shuka alilolinyanyua kwa kidole kimoja. Wale wanawake wenzangu wanaocheza madobi sikuwaambia kitu. Walicheka kicheko cha kweli, mmoja akakalia beseni la maji.

Sikusikia "Kata." Nikatupia jicho. Mzee alikuwa amesimama. Nikasema moyoni, basi, anakuja kunionyesha. Alisimama hivyo, kisha akajikalisha mwenyewe, pole pole, akaikalia mikono tena. Kibanio kikamdondoka, kwa sababu alikuwa anacheka na machozi yanateremka, yote mawili mara moja.

Tajiri alipiga mapaja. Akasema, "Hiyo, hiyo! Nani ameandika hiyo?"

Mama Fundi, unamjua mdogo wako. Mtu ambaye mvua ikinyesha vizuri anasema alizungumza nayo. Alifungua mdomo, akaufunga, akasema, "Si mimi."

Tajiri akamwonyesha kiti chake kwa kidole. Akasema, "Basi endelea kukaa hapo hapo ulipokaa." Msaidizi alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Kumbe si mtu mbaya, alikuwa anataka kiti tu, na nani hataki kiti?

Mwanafunzi wako,
Malkia


Studio, 6 Machi

Dada,

Kiti ni changu. Hilo utakuwa umelisikia, na kwa mara ya kwanza sina hamu ya kulisimulia.

Niambie ukweli. Yale ya mashuka, mama aliyafanya?

Mdogo wako


Kwenye cherehani, 11 Machi

Mdogo wangu,

Aliyafanya, kila Ijumaa mchana, wakubwa wakiwa wamekwenda kula. Madobi wenzake walitandika magunia chini wakakaa kama ukumbini. Alikuwa akiwaigiza watu saba. Yule meneja ndiye waliyempenda kuliko wote, walimwomba arudie mpaka mbavu zinawauma. Mimi nilikuwa nachungulia kwenye tundu la ukuta, wewe mgongoni umelala.

Aliniapisha nisikuambie. Alisema, "Huyu mtoto kila anachokiona anakiigiza. Ataniigiza mimi nikimwigiza meneja, njiani, mbele ya meneja mwenyewe, na Jumatatu sina kazi." Alipoacha kazi, kiapo kilikuwa kimekwisha kukaa moyoni, nikakizoea. Ulipoanza kucheza filamu, alikaa hapa hapa nilipo mimi akasema, "Huyo kipaji hakukiokota njiani." Halafu akarudi kumenya viazi.

Nilipaswa kukuambia zamani. Nilijua ungejivuna, ndiyo maana nikachelewa. Jivune sasa, unaruhusiwa.

Dada yako


Kwenye cherehani, 18 Septemba

Mwongozaji, hujambo?

Filamu imefika kwetu juzi. Tulifunga duka tukaenda wote, mafundi sita, na yule mteja wa gauni, ambaye siku hizi haondoki hata akipewa gauni lake. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakalia ngazi. Ilipofika pale kwenye mashuka, Malkia alipotazama nyuma kuona kama kuna mkubwa, nilijisahau. Nikasema kwa sauti, "Mama, harakisha, wanarudi!" Ukumbi mzima ukageuka. Sikuona haya hata kidogo.

Tukatoka, kila mtu anacheka na anajipangusa. Mimi nikabaki na kazi yangu. Nilikuwa nimekutafuta, mdogo wangu. Tangu taa zilipozimwa nilikuwa natafuta bega. Nilimtazama mlinzi, nikamtazama mpishi, nikamtazama yule bibi wa miaka sabini, hadi mbwa. Sikukuona. Nikadhani macho yangu yamezeeka, nikarudi jana peke yangu, nikakaa mbele kabisa. Mama nilimwona. Madobi wenzake niliwaona, na mimi mwenyewe nilijiona kwenye tundu la ukuta. Wewe sikukuona popote.

Dada yako


Studio, 22 Septemba

Dada,

Hata kidogo?

Barua yako sijaiweka mfukoni, naitembeza mkononi tangu asubuhi. Nimepita nayo kwa Mhariri, kwa wabeba taa, kwa Msaidizi, nimempigia simu Tajiri katikati ya mkutano wake. Nimemsimamisha hata mwuza magazeti hapa nje. Wote nimewaambia jambo moja, na nitawaambia tena kesho: dada yangu ametazama mara mbili, amekaa mbele kabisa, na hakuniona!

Mdogo wako